Pale Mama Alipopita Kando

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta masale matatu yamesimama karibu na mlango wa lifti, kila moja ndani ya chungu cheupe, nikasimama na ndoo mkononi nikasahau ninakwenda wapi. Ilikuwa mwaka 2012, Dubai, upande wa Silicon Oasis, kwenye ofisi ya watu wa kompyuta walioniajiri kupika chai na kahawa, kuosha vikombe na kufuta meza. Nilidhani macho yananidanganya. Nikasogea nikalishika jani. Lilikuwa isale lilelile la kwetu, jani refu pana linaloning'inia, ila hili lilikuwa limepanguswa vumbi likawa linang'aa.

Kwetu Kilimanjaro isale si pambo. Isale ni mpaka. Hupandwa pale kihamba cha mtu, shamba lake la ukoo, kinapokoma na cha jirani kinapoanza, na anayeling'oa au kulisogeza hata hatua moja anajitafutia laana, yeye na watoto wake. Isale pia ni msamaha. Ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayawezi kulibeba, unafunga fundo kwenye jani la isale, unampelekea au unamtuma mtu ampelekee. Aliyepelekewa hakatai. Akishalishika mkononi, neno limekwisha, na halizungumzwi tena mpaka mmoja wenu afukiwe. Nimekuwa nikiona wazee waliogombana miaka na miaka wakinywa pombe ya mbege kibuyu kimoja kwa ajili ya jani moja.

Basi pale ofisini bosi mmoja alikuwa akimimina mabaki ya kahawa yake kwenye kile chungu cha katikati kila anaposubiri lifti. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, sir, kahawa si nzuri kwa mti huu. Alicheka, akaendelea kumwaga. Ningemwelezaje kwamba anamwagia takataka kitu ambacho baba yangu alikuwa akikivulia kofia? Nikawa namwagilia maji mengi jioni kabla ya kutoka ili kuisafisha ile kahawa. Watu wa kampuni iliyowakodishia yale maua wakawa wanalalamika kwamba yanaoza mizizi.

Nilikuwa naishi Bur Dubai, chumba kimoja wanawake wanne, kila mmoja na kitanda chake na pazia lake. Mwenzangu wa kitanda cha jirani alikuwa mwanamke wa Mombasa aliyeuza vitambaa kwenye duka la Wahindi hapohapo mtaani. Huyu alikuwa mtu wa maneno makali na mkono mwepesi wa kutoa. Ukiumwa atakupikia uji, huku akikusema kwa nini umeumwa.

Nilikwenda Uarabuni kwa sababu moja, nami sikuificha kwa mtu yeyote. Nilitaka ardhi. Kwa desturi ya kwetu mtoto wa kike harithi kihamba. Baba alizaa mtoto mmoja tu wa kiume, kitinda mimba wetu, kwa hiyo alipofariki kihamba chote kikawa cha kaka yangu huyo mdogo. Ninamwita kaka kwa sababu ndivyo tunavyosema kwetu, lakini mgongo wangu ndio uliombeba. Sikulalamika, niliyakuta hivyo. Nikaolewa, nikaachika, na siku niliyorudi nyumbani na begi langu nikagundua kwamba nimerudi mahali pa mtu. Hakunifukuza. Aliniuliza tu, kwa upole kabisa, nitakaa mpaka lini. Tangu siku hiyo nilikuwa na hamu moja, ya kuwa na mahali ambapo hakuna kiumbe atakayeniuliza nitakaa mpaka lini.

Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na hapa nimweleze mama, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyoingia mtegoni.

Mama alikuwa muuza ndizi. Siku za soko tulikuwa tukishuka naye alfajiri, mkungu kichwani kwake na mkungu mdogo kichwani kwangu, tukapange chini kwenye majani. Wanawake wengine walikuwa wanaugeuza mkungu ili upande mzuri umtazame mnunuzi na upande uliokwaruzwa ulale chini. Mama alifanya kinyume. Mnunuzi akiinama tu, mama anaugeuza mwenyewe na kumwonyesha pale palipopigwa na jua, pale ndege alipodonoa. Anasema, hapa pabaya, hapa pana doa, sasa tazama kwingine. Matajiri wa malori waliokuja kununua kupeleka Dar walikuwa wanaanza kwake. Walikuwa wananunua bila kugeuza. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini anajiharibia biashara, akaniambia mtu ukimwonyesha ubovu kwa mkono wako mwenyewe, uzuri hatauangalia mara mbili. Nililichukua neno hilo kama somo la uaminifu. Nimekuja kujua baadaye kwamba lilikuwa somo la biashara.

Nilipokuwa Dubai kama mwaka na nusu, kaka aliniomba nimnunulie pikipiki ya biashara. Nikamnunulia. Aliiuza kabla kibao cha namba hakijashika vumbi, na fedha zikaenda ziendako. Nilimtumia mama ujumbe wa sauti, nikiwa na hasira mpaka nalia, nikaapa kwa kaburi la baba kwamba sitatuma tena hata senti moja kwa ajili ya mwanawe huyo, hata akiwa amefungwa kamba. Mama alijibu kwa neno moja, "Nimesikia."

Miezi michache baadaye ukaja ujumbe wake mwingine. Alisema baba yangu mdogo, ndugu wa marehemu baba anayekaa ng'ambo ya korongo, amechoka na mlima, anataka kuhamia tambarare kwa watoto wake, na anauza kipande cha kihamba chake. Amekubali kuniuzia mimi, ingawa ni mwanamke, kwa sababu ni damu. Nilikuwa pantri naosha vikombe. Niliisikiliza sauti ile mara tatu, nikakaa chini kwenye sakafu. Baba mdogo na baba walikuwa wamekosana tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo ng'ambo ile ya korongo sikuwa naijua. Nilijua tu kwamba kuna mfereji na udongo mweusi.

Nikaomba kukiona. Dubai simu za mtandaoni zilikuwa hazipiti, ujumbe wa WhatsApp unapita, picha zinapita, ila kupiga simu ukaongea na mtu unamwona, khalas, imezibwa. Kwa hiyo maisha yetu yote na nyumbani yalikuwa ya kurekodi. Kaka akashika simu, mama akatembea, wakanitumia video ya dakika nne.

Ninaijua video ile kama sala. Inaanza na mama amesimama na kanga yake ya rangi ya udongo, mundu mkononi. Nyuma yake pako wazi, pana jua, migomba michache na nyanya zimepandwa matuta kwa matuta. Anaanza kutembea. Na jambo la kwanza analosema ni hili: "Hapa chini pabaya, mwanangu. Mvua za masika zikija maji yanatuama, usije kusema sikukuambia." Anaonyesha kwa mundu. Halafu anaonyesha mahali pengine penye mawe. Halafu ndipo anapanda kidogo, anaokota udongo, anausugua mkononi, anasema huu sasa tazama mwenyewe. Mwisho anafika mpakani. Masale yamesimama mstari mmoja, saba. Anasimama katikati yake, anasema, "Mpaka ni huu."

Mtu wa kwetu akisimama kwenye isale akasema mpaka ni huu, ameshakula kiapo. Hakuna la kuongeza.

Nilimwonyesha mwenzangu wa Mombasa kwa furaha. Aliitazama yote akiwa anakunja nguo, akanirudishia simu.

"Karatasi i wapi?" akaniuliza.

Nikamweleza habari za masale. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu ya kusikiliza.

"Mwenzangu, wewe wanunua shamba kwa majani?"

Nilikasirika. Nilimwambia huko kwao pwani ndiko watu wanakouziana kiwanja kimoja mara tano wakiwa na karatasi zenye mihuri, sisi mlimani hatuna mambo hayo. Nilimwambia kumdai mama karatasi akiwa amesimama kwenye isale ni kumwambia yeye ni mwizi. Tulikaa siku nne bila kusemezana, chumba chenyewe pazia kwa pazia. Leo ningempigia magoti yule mwanamke.

Nikatuma. Nilikuwa nimeweka fedha tangu nilipofika, na zote nikazituma, na nikaendelea kutuma zilizobaki mpaka bei ikatimia. Mama akanipa habari kwamba mbuzi amechinjwa, wazee wamekunywa mbege, mimi nimetajwa kwa jina langu mbele ya ukoo. Siku hiyo nilinunua ndizi mbichi za Wahindi pale sokoni, ambazo si ndizi kwa kweli, nikapika mtori kwa ajili ya chumba kizima. Mwenzangu wa Mombasa alikula bakuli mbili, akasema inshallah kheri. Hakutaja karatasi.

Miaka miwili niliishi kwenye ile video. Watu wengine kwenye basi walikuwa wanatazama mpira na nyimbo, mimi natazama mama akitembea. Nilishapanga nyumba itatazama wapi. Nilishahamisha zile nyanya kichwani, nikarudisha kahawa. Nilishaamua pale maji yanapotuama nitapanda magimbi. Madam aliyekuwa mkuu wa ofisi aliniuliza siku moja ninacheka nini peke yangu mbele ya birika, nikamwambia, madam, nina shamba. Aliita wenzake waje wanipongeze, wakanikatia keki.

Jambo moja lilikuwa likinisumbua, nami nililifukuza. Yale masale ya kwenye video yalikuwa membamba. Isale la mpaka la miaka lina shina nene lenye makovu, limepinda, limelala na kuinuka tena. Yale yalikuwa yamenyooka kama haya ya vyungu pale kwenye lifti. Nami ndiye niliyekuwa nayamwagilia ya vyungu kila siku, kwa hiyo katika Dubai nzima sidhani kama kulikuwa na mtu aliyelijua shina la isale changa kuliko mimi. Nikajiambia ya zamani yalikauka, wakapanda mapya. Mtu akipenda kitu, macho yake yanamtumikia.

Halafu ikaja siku niliyoona. Ilikuwa saa nne asubuhi, birika kubwa ninalisubiri lichemke, video naitazama kwa mazoea tu, sauti nimeizima. Mama anatoka penye mawe, anapanda kuelekea mpakani. Njia iko wazi mbele yake, imenyooka. Anafika karibu na mgomba mmoja, na bila sababu yoyote anaacha njia, anazunguka kwa upande wa kushoto hatua mbili tatu, mkono wa kulia anaugusa mgomba, kisha anarudi njiani na kuendelea.

Nilirudisha nyuma nikatazama tena. Anazunguka, anagusa, anarudi.

Kabla yangu mimi na kaka, mama alizaa mtoto aliyeishi siku chache akafa. Alizikwa kihambani kwetu, kule chini, kwenye shina la mgomba, kama wanavyozikwa wachanga, bila jiwe wala msalaba. Hakuna aliyetuonyesha kaburi. Tulilijua kwa miguu ya mama. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona anapita pale moja kwa moja, hata akiwa na mzigo wa majani wa ng'ombe unaomfunika macho. Mgomba wenyewe ulishakufa na kuzaa mwingine na mwingine, mahali pamesogea sogea, lakini yeye anapajua. Anazunguka kwa kushoto, anagusa kwa mkono wa kulia, anarudi njiani. Nami na kaka tukakua tunazunguka vilevile, bila kuambiwa.

Kwa baba mdogo, ng'ambo ya korongo, mama hakuwa na maiti.

Birika lilichemka likazima lenyewe. Niliendelea kusimama pale. Kila kitu kilikuwa kinakuja na kukaa mahali pake. Mwanga ule mkali ulikuwa wa mahali palipokatwa miti, na mimi nilikuwa napakumbuka pakiwa na giza la mibuni ya babu. Pale maji yanapotuama nimewahi kuchotea vyura. Yale mawe nimenolea mundu. Walikuwa wameniuzia kihamba cha baba yangu, pale nilipopalilia toka najua kushika jembe, nami nimekitazama miaka miwili nisikijue.

Sikutukana. Nilikuwa nimeishiwa hata hilo. Nilibonyeza kitufe cha sauti, nikamuuliza: "Mama, kwenye video, pale ulipopita kando ni wapi?"

Ujumbe ulisikilizwa siku ileile. Hakujibu. Siku ya tatu kaka ndiye aliyeandika, akisema dada usimsumbue mama, ana presha. Yeye aliyeshika simu akirekodi, yeye aliyeona mama anazunguka na wala asishtuke kwa sababu angezunguka vilevile, ndiye sasa ananionya nisimsumbue mama. Nikamfungia asiweze kuniandikia tena.

Baada ya wiki kama tatu akarudi kutoka likizo dada mmoja wa kijijini kwetu, anayefanya usafi kwenye hoteli ndogo upande wa Al Ras. Alinipigia nikachukue mzigo. Nilivuka kwa abra, mashua ya kuvushia watu, siku ya Ijumaa, nikamkuta ananisubiri kwenye kivuli cha maduka ya viungo, amekumbatia mfuko wa plastiki. Hakutaka kukaa wala kunywa chai. Alinipa mfuko akiwa anatazama pembeni, akasema mama yako anakusalimu sana, akaondoka haraka. Alijua alichokibeba.

Nikaufungulia chumbani. Kulikuwa na kahawa, unga wa ndizi, na kitu kirefu kilichofungwa kwenye gazeti. Sikukigusa. Mwenzangu wa Mombasa aliniona nilivyokaa, akaja akalifungua yeye. Kilikuwa kipande cha shina la isale, urefu wa shubiri moja, na majani yake ya kileleni, na jani moja limefungwa fundo.

"Hili ndilo lile la ofisini kwenu?" akauliza.

Nikamwambia ndilo. Nikamweleza maana ya fundo. Nilitegemea atacheka au atasema nilikuambia, maana alikuwa na haki ya kusema. Aliuliza tu kama nikilishika, shamba nalo nimelisamehe. Hapo ndipo nililia. Nilimwambia ndiyo, nikilishika neno limekwisha na sitalisema tena, kwa mama, kwa kaka, kwa wazee, kwa mtu yeyote, mpaka nife. Walikuwa wamechukua kitu kitakatifu kuliko vyote tulivyo navyo wakanidanganyia, na sasa wametuma kilekile kuninyamazisha.

Sauti ya mama ilikuja siku hiyohiyo, ndefu, na nyuma yake nasikia kuku. Alisema kaka alikuwa ameshakiuza kile kipande cha chini kwa mfanyabiashara wa nyanya kutoka mjini, amekata mibuni, amekula fedha. Yule mtu akawa anasogeza matuta kila msimu, mpaka akafika karibu na ule mgomba, akasema ataung'oa. Mama alimwendea akamwomba arudishiwe, mtu akakubali kwa bei yake.

"Ningekuambia fedha ni za kumkomboa kaka yako, ungekataa," alisema. "Uliapa, nami sikukulaumu. Lakini mwanangu wa kwanza amelala pale. Ningemwachia nani alimiwe juu yake?"

Sitasema sikumwelewa. Nilimwelewa, na ndicho kilichoniuma zaidi, kwa sababu alipima kati ya mtoto aliyekufa na mtoto aliye hai, na mimi niliye hai ndiye nikalipa. Nikamwambia, basi kile kihamba ni changu, kimekombolewa kwa jasho langu.

"Ni cha nyumbani," akajibu. "Na cha nyumbani ni cha kaka yako. Unajua, mama."

Aliniita mama, kama anavyoniita akinibembeleza. Nikamuuliza yale masale saba, aliyosimama katikati yake akaapa, yalikuwa ya nini, na yako wapi. Nilitaka nimsikie akisema.

"Hayakupandwa, mwanangu. Yalichomekwa tu. Kesho yake tuliyaondoa."

Alikuwa amehesabu. Isale lililopandwa likang'olewa ni laana, lakini lililochomekwa juujuu halijawa mpaka, kwa hiyo hakuna aliyeapa na hakuna aliyeng'oa. Mwanamke yule aliyekuwa akigeuza mkungu kuonyesha doa alikaa na mwanawe wakapanga jinsi ya kunidanganya bila kumkosea Mungu. Mimi tu ndiye waliyenikosea.

Jioni yake akauliza lile alilokuwa akilingoja. "Jani umelipokea?"

Nami ni mtoto wake. Nilikumbuka kwamba nimepokea mfuko, sikupokea jani. Aliyelifungua ni mwenzangu, aliyelitia kwenye chupa tupu ya kahawa yenye maji ni mwenzangu, na aliyeliweka dirishani ni yeye. Mkono wangu haujaligusa.

"Limefika, Mama," nikamwambia.

Alielewa. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua tofauti ya kufika na kupokewa. Aliendelea kunisalimia kila Jumapili, na kila Jumapili mwisho wa salamu anauliza kwa njia nyingine, jani halijambo, jani bado liko, na mimi namwambia liko. Lilitoa mizizi myeupe ndani ya chupa. Lilipokuwa halitoshi tena, nilimwomba mwenzangu anisindikize ofisini siku ya mapumziko, akalipanda yeye kwenye chungu cha katikati, kile cha kumwagiwa kahawa, pembeni ya jingine. Fundo halikufunguliwa. Lile jani likawa jeusi, likakauka likiwa limefungwa vilevile, na majani mengine yakaota juu yake.

Mwaka 2018 mama akaleta habari aliyoiona njema. Nilimsikia kwenye sauti kwamba amefurahi, kwamba amehangaika kuipata. Alisema amekaa na kaka, amekaa na wazee, amewaomba sana, na wamekubali. Mimi ni mwanamke niliyeachika, sina kwa mume, na watu walikuwa wanauliza nitazikwa wapi. Basi kaka amenipa mahali.

"Ni kule chini, karibu na yule mchanga," alisema. "Amepapima mwenyewe. Na nimemwambia, ukishalala pale, naye awe anapita kando."

Nilikuwa pantri. Bosi alikuwa amegonga kioo akiniashiria kahawa, yalla, wageni wamekaa. Niliisikiliza mara moja tu, sikuirudia. Kipande chote nilichokilipia, chenye maji ya kutuama na udongo wa kusugua mkononi na nyumba niliyoijenga kichwani ikitazama mlima, nimegawiwa ndani yake urefu wa mwili wangu, na natakiwa nishukuru.

Nikashika simu nikamjibu.

"Mama, mimi nilinunua pa kuishi."

Alama mbili za buluu zilitokea, amesikia. Nikapeleka kahawa.